Jaha Rehani na Pipa la Moshi la Mkonze

Umetimia mwaka, Jaha, tangu asubuhi ile uliposema dirisha lifunguliwe, maana umesikia mtu anachokoza pipa lako uani. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa siku yako ya tisa kitandani, tarehe kumi na nne Agosti 1997, upepo ukipeperusha vumbi kama kawaida yake, na kabla chai haijachemka ukawa umetutoka. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako.

Tangazo fupi lenye picha yako limekwenda gazetini. Hili refu ni la kusomwa kwenye hitma na kubandikwa ukumbini, ili na jirani aliyechelewa asome. Kalamu ameishika binti yako Joha. Lakini tukuambie mapema, usije ukashangaa huko uliko: humu ndani wifi yako Salha ametajwa kuliko wewe. Ametaka hivyo. Yaliyomo moyoni mwake ametusimulia mwenyewe, akatukataza kufuta hata neno moja. Unamjua.

Mumeo Rahimu alipopunguzwa kazini mwaka 1989, nyumba hii ilinyamaza. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa sabuni na vitambaa vilivyoadimika miaka yote ile, na sisi tukawa wa kuvitazama tu na kupita. Wewe hukulia. Ulikaa siku mbili ukilitazama jiko la maranda la jirani, lile la debe linaloshindiliwa maranda, ukasema lina ubishi, mara linawaka lote, mara linazimika lote. "Maranda yanataka kulishwa kidogo kidogo," ulisema, "kama mtoto anayeachishwa ziwa."

Ukaenda kwa Yotham seremala ukaomba maranda yake. Ukayachanganya na uji wa muhogo na vitawi vya mizabibu vilivyokatwakatwa, ukayapitisha kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama. Yakatoka kama tambi nene, ukayakata kwa kisu, ukayaanika. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vidonge vyako. Fundi wa mabati akakutengenezea kasha lenye mdomo mwembamba, akaliunganisha ubavuni mwa pipa la mafuta lililochomwa na kusuguliwa mpaka likasafika. Vidonge vikawa vinateremka vyenyewe, kimoja kinaungua, kingine kinafuata. Moshi ukatoka mwembamba, joto likatulia. Wavu wa juu ulikuwa wa kuku, wa chini wa mikate na skonzi.

Hatujapata kula kuku wa namna ile. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya asali, na nyama iliachia mfupa bila kuvutwa. Madereva wa malori ya mahindi, kabla ya kushika njia ya Kibaigwa, walikuwa wakikata kona kuja Mkonze. Anjelina, karani wa ofisi za bunge, alikuja kila Ijumaa na wenzake wawili watatu, na alikuwa anazila skonzi humu humu uani kwa sababu, alisema, zikifika ofisini hazitakuwa zake tena. Na mgonjwa yeyote wa mtaa huu alipelekewa supu ya shingo na mabawa kabla mteja hajapewa paja. Hilo tulikuona ukilifanya miaka yote, wala hukutaka lisemwe.

Mtu mmoja tu hakufurahi.

Salha, mdogo wake Rahimu, alirudi nyumbani mwaka 1981 na talaka yake na sanduku moja la bati. Siku ya tatu ulimwita jikoni, ukamkabidhi mwiko mbele ya watu. "Wifi, hili jiko ni lako. Mimi nitakuwa nakuja kuonja." Salha aliushika mwiko ule kwa miaka minane. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba, lakini jiko alikuwa nalo, na katika nyumba hii mtu akitaka kula alipitia kwake. Pilau lake lilijulikana mpaka Haneti kwa baba yao mdogo. Mkate wake wa kumimina, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, haukuwahi kulala.

Kisha pipa likasimama uani, na midomo yote ikageukia nje.

Siku ya kwanza Rahimu alipokula kuku wako, alijifuta mikono taratibu, akasema, "Leo nimekula." Basi, hilo tu. Salha alikuwa anakusanya sahani. Akajiuliza, miaka minane yote ile kaka yake alikuwa anafanya nini pale mkekani. Wivu ulimwingia hapo hapo, anasema, na haukutoka tena.

Alikuonea wivu kwa mambo ambayo wewe hukujua kama unayo. Harufu ya moshi kwenye kanga zako. Jinsi ulivyoligonga kasha kwa kidole kimoja na vidonge vikatii. Wageni walivyokuuliza wewe maswali, na yeye wakamwomba maji. Ukipika vizuri alinuna. Ukiunguza alinuna zaidi, kwa sababu watu walikula vile vile na kucheka. Akaanza kusema kwa sauti ya kusikika, "Nyumba hii siku hizi inanuka kiwanda."

Wewe ukamjibu, "Basi njoo wifi, tukiendeshe pamoja hicho kiwanda chetu."

Hakuja. Aliona kwamba akija atakuwa amekubali.

Mwaka 1991, wiki moja kabla ya harusi ya Joha, mlivurugana tena juu ya nani atapika nini. Rahimu akatoka chumbani na kanzu yake haijafungwa vifungo. Akaamua pilau liwe la Salha, kuku ishirini na nane na mikate iwe ya pipani. Halafu akamgeukia dada yake, wewe ukiwa umesimama pale pale mlangoni.

"Kelele za jikoni zimenichosha. Likitokea jambo jingine, Salha, utakwenda kukaa Haneti kwa baba mdogo. Na safari hiyo hurudi."

Kule Haneti baba mdogo alikuwa na wake wawili, na mwiko wao. Hapakuwa na jiko la Salha. Kwake yeye, kwenda kule na kuzikwa yalikuwa mamoja.

Sasa sikiliza alichokuwa anafanya, kwa maana nasi tumekijua Jumapili hii tu. Tangu mwezi wa tano alikuwa akichota vidonge vyako konzi kwa konzi, akivifunga kwenye pindo la kanga na kwenda kuvijaribu kwenye debe lake nyuma ya banda la mbuzi. Alitaka siku ya harusi atokeze na kuku mmoja tu, mzuri kuliko wako wote ishirini na nane, amwekee kaka yake mbele, asikie tena lile neno. Kila mara kuku alitoka mkaa nje na mbichi ndani. Siku nne kabla ya harusi akachungulia gunia lako. Lilikuwa nusu, na nusu iliyokwisha alikuwa ameimaliza yeye.

Alishikwa na hofu, akakimbilia kwa Yotham. Yotham alikuwa amekwenda msibani. Chini ya msumeno palikuwa na maranda mapya, mazito, yenye weusi kidogo, na Salha akadhani ni ya mninga uliokomaa. Alikuwa na mafua ya upepo wa Julai, pua zimeziba kabisa. Wewe usingeyagusa. Ulikuwa na desturi yako ya kuuliza kwanza ni mti gani, ulikatwa wapi, ulipakwa nini, mpaka Yotham akawa anakutania kwamba unaposa maranda. Salha hakumngoja Yotham amwulize, maana angelazimika kusema anayataka ya nini. Laiti angemngoja, angeambiwa kuwa wiki ile zilikuwa zimepasuliwa nguzo kuukuu za simu, zile zilizoloweshwa dawa nyeusi ya lami ili mchwa asizile.

Na wivu ukamwongezea la pili. Hakutaka vidonge vyake vifanane na vyako, alitaka vivipite. Akatwanga iliki yote ya nyumba akaichanganya humo, ili kuku wanukie, watu waulize leo kumewekwa nini, na jibu awe nalo yeye. Mashine ya kusagia nyama ilikuwa chumbani kwako. Kwa hiyo akavifinyanga kwa mkono, kimoja kimoja, akivibana kwa dole gumba lake lile lenye kovu la kisu tangu utotoni. Akavianika juu ya bati la banda la mbuzi, na jua la Dodoma, ambalo halijui kuchelewesha kazi, likavikausha kwa siku mbili. Akavitia chini ya gunia, akavifunika kwa vyako.

Siku ya harusi uliwasha pipa asubuhi na mapema. Saa ya kwanza moshi ulikuwa wako, saa ya pili ukawa wa mtu mwingine. Mafua ya Salha yalikuwa yamepungua, na harufu ilimfikia akiwa juu ya sufuria la pilau. Ilikuwa ya barabara inayowekwa lami. Akatoka mlangoni. Akakuona umeinama kwenye kasha, umempa mgongo, na ulikaa hivyo kwa muda mrefu. Ulipoinuka hukugeuka kumtazama.

Hapakuwa na kuku wengine wala muda wa kutafuta wengine. Wakwe walikuwa wameshashuka kutoka Kibaigwa. Mama wa bwana harusi alitia kipande mdomoni, akakitoa kwa adabu kwenye kiganja. Mjomba wake hakuwa na adabu hiyo. "Jamani, huyu kuku amepikwa au amepakwa?"

Watu wakacheka. Rahimu akasimama, uso umemwiva. "Nani amefanya hivi?"

Salha alishika ukingo wa mlango. Alikuwa anaona sanduku lake la bati juu ya basi la Haneti.

Wewe ukapita katikati ya mikeka, ukapiga goti mbele ya wakwe. "Shikamooni, wazee wangu. Kosa ni langu. Nimewasha pipa bila kukagua vidonge, haraka ya mama wa bibi harusi. Nisameheni. Lakini hili pilau ni la wifi yangu Salha, na mkono wake haukosei. Kuleni, wazee wangu."

Wakala. Masufuria mawili yalikombwa mpaka ukoko. Salha alisifiwa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake, na anatuambia bila kupepesa macho kwamba alifurahi. Aibu aliiona, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Na alasiri, alipokuona umechuchumaa peke yako ukisugua wavu kwa mchanga, alikuonea wivu hata hapo, kwamba unajua kuaibika kwa heshima namna ile.

Ulilipa, Jaha. Mtaani wakakuita mama wa kuku wa lami. Malori yakapita bila kukata kona. Rahimu alikununia siku tatu, na pipa likakaa miezi mitatu bila moto. Ukaanza upya na skonzi kumi, za majirani wa karibu tu, mpaka Anjelina akawarudisha wenzake mmoja mmoja. Hukumuuliza Salha neno. Ulimwita wifi kama siku zote, ukaonja mchuzi wake, ukasema chumvi imekaa sawa. Naye akajiaminisha kwamba hukujua, kwamba lawama zote ulikuwa umemtupia Yotham kimoyomoyo.

Siku ya saba ya ugonjwa wako ulimwita Joha ukagawa vitu. Mashine ya kusagia nyama na pipa viwe vya Joha. Redio ya Rahimu asiiguse mtu. "Na kopo langu la iliki apewe wifi. Alifungue mwenyewe."

Salha alipopewa kopo alilipima uzito kwa mkono. "Miaka kumi na sita nyumba moja," alisema, "na mimi nimeachiwa kiungo cha chai!" Akalitupia juu ya kabati, na huko likakaa mwaka mzima likipigwa vumbi. Ulikuwa mwaka mgumu kwake. Kila alipopakua chakula alisikia mtu akisema, Jaha angekuwepo. Ulikuwa umekufa na bado ulikuwa unapika vizuri kuliko yeye.

Jumapili iliyopita tukakaa kuandika haya. Rahimu akasema, "Andika kwamba hakuwahi kukosea pipani, isipokuwa siku moja, na hiyo tuiache."

Joha akakataa kuiacha. "Hiyo ndiyo iandikwe, baba. Kati ya yote ya mama, hakuna ninalolipenda kama lile la kupiga goti mbele ya wakwe zangu na kusema kosa ni langu. Siku ile ndipo nilipojua nimezaliwa na nani."

Rahimu akatikisa kichwa kukubali, macho yamemlowa.

Salha alikuwa anachambua mchele. Aliusukuma ungo mpaka mchele ukamwagika.

"Hilo kosa si lake!" alisema. "Ni langu! Kuku msifuni, skonzi msifuni, nimenyamaza. Sasa hata kosa langu mnampa yeye? Vile vidonge nilivitengeneza mimi, kwa mikono yangu hii. Kama kuna wa kuandikwa hapo kwa kuku wa lami, niandikeni mimi!"

Ndivyo tulivyojua. Wala si majuto yaliyomfungua kinywa, na yeye mwenyewe hataki tumsingizie wema huo. Ni wivu, ule ule wa siku zote. Kinywa kilipofunguka kikamwaga yote, debe, maranda, iliki, gunia.

"Shangazi," Joha akasema, "harusi yangu?"

"Harusi yako, mwanangu."

Rahimu alitoka uani bila kuvaa viatu. Alisimama kwenye pipa, mkono juu ya kasha, tukamwona dirishani. Salha hakusubiri kuambiwa. Aliingia chumbani, akalivuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja kanga zake. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikuwa anakunja kwa utaratibu, za juu juu na za chini chini, akijua kabisa anakokwenda.

Rahimu aliporudi alisimama mlangoni mwa chumba kile. Alilitazama sanduku, akamtazama dada yake.

"Salha, chai iko wapi?"

"Iliki imekwisha, kaka."

"Si una kopo lako?"

Akalishusha kutoka juu ya kabati. Kifuniko kilikuwa kimebana, akakifungua kwa ncha ya kisu. Ndani iliki ilikuwa bado inanukia. Juu ya iliki kulikuwa na kidonge kimoja, cheusi, kifupi, kinene, ambacho hakikutoka kwenye mashine yoyote. Ubavuni kilikuwa na alama ya dole gumba, na katikati ya alama ule mstari wa mshazari wa kovu.

Salha aliweka dole lake juu ya alama ile, likakaa sawasawa. Akakileta kidonge puani. Baada ya miaka saba kilikuwa bado kina iliki kidogo na lami kidogo.

"Alijua," alisema. "Alijua pale pale kwenye kasha, kabla hajapiga goti."

Akakaa kitandani akalia, Jaha, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi yako. Siku ile alikuwa ameshughulika kuhesabu waliokuja kukuzika na kujiuliza kama yeye atapata nusu yao. Na katikati ya kilio chake akakuonea wivu tena, na hili ametaka liandikwe kama alivyolisema: "Hata kunyamaza amenishinda."

Sanduku limerudi chini ya kitanda. Rahimu alilisukuma mwenyewe kwa mguu, halafu akaomba chai kwa mara ya pili.

Leo asubuhi Salha amewasha pipa lako kwa mara ya kwanza, Joha akiwa pembeni anamwelekeza. Mikate ya hitma yako inatoka humo. Jana alikwenda mwenyewe kwa Yotham, akamuuliza maranda haya ni ya mti gani, umekatwa wapi, umepakwa nini, mpaka Yotham akacheka na kusema amerudi yule mposaji. Salha hakupenda hata kidogo kufananishwa. Lakini alirudi nayo maranda. Mikate ya kwanza imeungua upande mmoja, na tumeila, na tumecheka.

Wanaokukumbuka ni wifi yako Salha, ambaye amegombea jina lake litangulie la mumeo, nasi tumemwachia, mume wako Rahimu, binti yako Joha na mumewe, wajukuu zako Mwanasha na Rehani mdogo, Anjelina na wenzake wa Ijumaa, Yotham seremala, majirani wote wa Mkonze, na wakwe zetu wa Kibaigwa, ambao kwa karatasi hii wanaombwa radhi upya, safari hii na mwenye kosa.

Salha anajua kuandika jina lake, tena mwandiko wake ni mzuri. Leo ameikataa kalamu. Amepitisha dole gumba kwenye masizi ya pipa lako, akaligandamiza hapa chini, chini ya majina yetu yote. Utalitambua.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Jaha.